Mkurugenzi wa NGO afundishwe nini hasa? Namna ya kuchagua mada za mafunzo ya uongozi bila kubahatisha

Mafunzo ya uongozi kwa wakurugenzi wa mashirika yalikuwa na msimu wake, na aliyekaa kwenye hii sekta anaujua, mwezi wa nane na wa tisa. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unafungwa Septemba 30, na kila mwaka kulikuwa na hela ya "kujenga uwezo" haijaguswa, basi inatafutwa hoteli Morogoro au Bagamoyo, anatafutwa mkufunzi mwenye slaidi zake tayari, na mada inaandikwa mwisho kabisa, saa nyingine jioni ya kuamkia siku ya kutuma barua. Uongozi wa kimkakati. Uongozi wa kuleta mabadiliko. Usimamizi wa muda. Mkurugenzi anaenda, anakula vizuri, anapiga picha ya pamoja, anarudi na cheti na flashi, Jumatatu anakuta rundo la vocha mezani linamsubiri asaini.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi mafunzo hayana maana. Nasema uchaguzi wa mada unaanzia mahali sipo. Watu wanashika orodha ya mada kwanza halafu wanatafuta nani akae kwenye kiti, wakati kazi ingeanza na maamuzi: mwaka uliopita ni maamuzi gani yalikaa kwa mkurugenzi mwezi mzima au miezi minne bila kufanyika, au yalifanyika yakaitia ofisi hasara, na kilichoyakwamisha ni nini hasa. Ukishayajua hayo mada zinakuja zenyewe, na nyingi ulizokuwa umezipanga zinajifuta kwa sababu utagundua halikuwa suala la mafunzo kabisa.

Nani anachagua mada

Kwa kawaida mada inachaguliwa na watu watatu na kila mmoja ana lake.

Kuna mfadhili. Kabla hajatoa ruzuku anakuja na dodoso la kupima uwezo wa shirika, mna sera ya fedha, mna sera ya manunuzi, bodi inakaa mara ngapi kwa mwaka, kila kipengele kinapewa alama na palipo na alama ndogo panageuzwa kuwa mada. Dodoso siyo baya, ila linapima usalama wa hela yake yeye. Shirika linaweza kupata alama nzuri sana kwenye manunuzi huku mkurugenzi na mwenyekiti wa bodi hawajasalimiana tangu Krismasi, na dodoso haliulizi mambo ya salamu.

Kuna mkufunzi. Huyu anauza alichonacho. Aliyebobea kwenye mawasiliano ataona kila shirika lina tatizo la mawasiliano, aliyetoka kwenye uhasibu ataona udhibiti wa ndani, na siwalaumu sana, kutengeneza kozi mpya ni kazi ya wiki kadhaa na hakuna anayezilipia, analipwa zile siku za kusimama mbele tu.

Halafu kuna mkurugenzi mwenyewe, na huyu ndo tunamwonea aibu kumsema. Mwulize unataka ufundishwe nini, atakwambia kuandika maandiko ya miradi na kutafuta fedha. Hakuna atakayejaza kwenye fomu kwamba nashindwa kumwondoa mhasibu wangu kwa sababu ni shemeji yangu, hakuna atakayejaza kwamba nimechoka na sijui nani atashika nikiondoka. Fomu inasomwa na mfadhili, nani ajichongee mwenyewe?

Kwa hiyo ile fomu ya kuweka tiki inakusanya vitu salama peke yake. Ukitaka vya ukweli inabidi ukae na mtu, ana kwa ana au hata kwa simu, saa moja na nusu hivi, na karatasi zake zikiwa mbele yenu: mihtasari ya vikao vya bodi vya mwaka mzima, barua ambayo mkaguzi wa nje aliwaandikia menejimenti, orodha ya walioacha kazi kwa miaka miwili na sababu walizotoa, na ripoti za wafadhili zikiwa na tarehe zilipotakiwa pembeni ya tarehe zilipoenda kweli. Barua ya mkaguzi hasa. Ukikuta hoja ileile imejirudia miaka mitatu mfululizo, tuseme "masurufu hayarejeshwi kwa wakati", yaani hela ya kazi anayotangulizwa mtumishi haitolewi hesabu mapema, usikimbilie kuandika kwamba wahasibu wafundishwe masurufu. Wanayajua masurufu kuliko wewe.

"Ripoti zinachelewa"

Tuchukue shirika la mfano, la ukubwa wa kati, watumishi kumi na wawili, ofisi iko mji mdogo mkoani, wanafanya kazi za elimu kwa wasichana. Mfadhili analalamika kwamba ripoti za robo mwaka zinachelewa. Dawa iliyozoeleka ni kuwapeleka maafisa miradi kwenye mafunzo ya uandishi wa ripoti, na bosi apewe usimamizi wa muda.

Haya, fuata karatasi. Ripoti ya maelezo ilikuwa tayari tarehe 5. Ya fedha ndo ilitoka tarehe 25. Kwa nini? Mhasibu alikuwa hajafunga vitabu. Kwa nini hajafunga? Masurufu ya fildi hayajarudi kwake. Ina maana maafisa wa fildi ni wazembe? Hapana, walirudisha mapema tu, risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zimebandikwa, fomu zimejazwa, zimekaa kwenye faili la kijani zinasubiri saini ya mkurugenzi, maana pale ofisini kila malipo anaidhinisha yeye, hata bodaboda ya 3,000, hata maji ya kunywa ya kikao, na yeye yuko Dodoma wiki ya pili sasa kwenye vikao. Na kwa nini asaini kila kitu yeye? Kwa sababu miaka ya nyuma kuna mtu alikula hela pale ofisini, na tangu siku hiyo hamwamini mtu.

Niambie hapo uandishi wa ripoti unaingilia wapi.

Hapo kuna vitu viwili vimeshikana na inabidi uvitenganishe. Kimoja hakihitaji semina, kinahitaji karatasi moja ya mipaka ya kuidhinisha malipo: mratibu wa miradi aidhinishe mpaka 300,000, mratibu na mkuu wa fedha kwa pamoja mpaka milioni 2, zaidi ya hapo mkurugenzi, na anayeomba hela asiwe ndo anayeidhinisha. Bodi inapitisha kwenye kikao kimoja, imeisha. Cha pili ndo uongozi wenyewe, yaani mtu mzima aliyeumizwa mara moja na sasa anaendesha ofisi nzima kwa kidonda kile. Huyo ukimwonyesha slaidi ya faida za kukasimu madaraka atatikisa kichwa na kuandika kwenye daftari, halafu atarudi kusaini bodaboda. Kinachomsaidia ni kukaa na mkurugenzi mwenzake aliyewahi kuibiwa akajenga upya utaratibu, waonyeshane namna mwenzake alivyofanya, halafu ajaribu kuachia kiwango kidogo kwa miezi mitatu huku mtu anamfuatilia.

Kuna kipimo cha zamani cha Robert Mager na Peter Pipe, Wamarekani waliokuwa wanachambua matatizo ya utendaji kazini miaka ya 1970, mimi nakipenda kwa ukavu wake. Jiulize hivi: huyu mtu angeweza kulifanya hili jambo kama roho yake ingelitegemea? Kama angeweza, ujuzi anao, usimpeleke darasani, katafute kinachomzuia, labda utaratibu mbovu, labda anaogopa, au akifanya vizuri anaongezewa mzigo na asipofanya hakuna kinachotokea. Kama asingeweza hata umshikie bunduki, hapo sasa pana mada ya mafunzo. Pitisha orodha yako nzima kwenye swali hilo uone zinabaki ngapi.

Ila kwa viongozi kipimo hiki kina tundu moja. Kuna vitu mkurugenzi hajui kama havijui, kwa hiyo havitokei kwenye maelezo yake wala kwenye malalamiko ya mtu mwingine, mpaka siku ya tukio. Na cha kwanza kwenye hivyo ni hela.

Hela ya shirika siyo hela ya mradi

Januari 20, 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya siku chache barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwenye ofisi za huku. Machi 10 waziri wao wa mambo ya nje Marco Rubio akasema asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la serikali yao, zimefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Katikati hapo, Februari, Uingereza nayo ikatangaza kwamba msaada wake utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato lao la taifa mpaka 0.3 ifikapo 2027.

Wakurugenzi wengi wa mashirika yetu walikuwa wanajua vizuri sana kuandika andiko na kusimamia bajeti ya mradi mstari kwa mstari, na kwenye hilo wala hawakuhitaji semina nyingine. Ambacho wengi hawakuwahi kufundishwa ni kusoma mizania ya shirika lao lote. Bajeti ya mradi inakwambia hela ya mfadhili fulani imetumikaje, mizania inakwambia mradi ukifa kesho nyie kama shirika mnabaki na nini, na mtu anaweza kuwa mkurugenzi miaka kumi na tano hajawahi kuulizwa la pili.

Fanya hesabu na lile shirika letu la mfano. Benki kuna milioni 110. Mkurugenzi anaona milioni 110 anatulia. Lakini milioni 62 ni za mradi, zimefungwa, mradi ukisitishwa zinarudi kwa mwenyewe au zinakaa zikisubiri maelekezo. Hela huru ni 48. Mishahara, pango, umeme, intaneti na NSSF kwa mwezi ni milioni 16, kwa hiyo kwa haraka haraka utasema tuna miezi mitatu. Sasa ongeza hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukimpunguza kazi mtumishi aliyefikisha mwaka unamlipa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliofanya kazi, mwisho miaka kumi. Watumishi 12, wastani wa mshahara wa msingi laki 9, wastani wa miaka mitano kazini, ukigawa mshahara kwa siku 26 kiinua mgongo kinakaribia milioni 14 na nusu, hapo hujagusa notisi wala likizo ambazo hazijachukuliwa. Ile 48 imekuwa 33 na ushee. Miezi miwili, siyo mitatu. Na sheria hiyohiyo inakutaka ukae na wafanyakazi au chama chao mshauriane kabla ya kupunguza, na siku za mashauriano mishahara inaendelea kukatika, kwa hiyo uamuzi ambao mkurugenzi angeuanza mwezi wa tatu anatakiwa auanze wiki ya kwanza.

Hiyo ndo mada. Siku moja, mkurugenzi, mhasibu na mweka hazina wa bodi wakae pamoja na vitabu vyao wenyewe, siyo kesi ya kampuni ya viatu kutoka kwenye kitabu cha chuo, watoke na tarakimu moja: tuna miezi mingapi. Nimeona wakufunzi wanaogopa kufanya hivi kwa sababu washiriki hawapendi kuonyeshana vitabu. Basi kila shirika likae meza yake na chumba kiwe kimoja, tatizo liko wapi?

Pembeni ya hiyo kuna mada nyingine ya hela ambayo ujuzi na ujasiri vimechanganyika, gharama za uendeshaji. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zilikuwa zinaruhusu shirika ambalo halina kiwango chake maalum kuweka asilimia 10 juu ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji, bila kuleta vielelezo vya kila senti, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kikapandishwa mpaka 15. Sasa mashirika mangapi madogo ya wilayani yaliyokuwa yanapokea kupitia shirika kubwa yalisaini mkataba ambao kwenye mstari huo umeandikwa sifuri, na mkurugenzi akaona aibu kuuliza? Kumweleza kiwango ni dakika kumi. Kumfanya aweze kukaa mbele ya afisa wa mfadhili aseme "bila gharama za ofisi hatuwezi kusaini" hiyo ni mazoezi, mmoja anaigiza afisa mkorofi, mwingine anaomba, wanabadilishana, wanarudia. Wanacheka sana mara ya kwanza, ya tatu hawacheki.

Sheria, nusu siku inatosha

Hapa nitapita haraka kwa sababu naona tunapoteza siku nyingi bure. Kweli sheria zimebadilika. Tanzania Sheria ya NGO ya 2002 ilifanyiwa marekebisho makubwa 2019, waliokuwa wamejisajili kama kampuni zenye ukomo wa dhamana wakalazimika kuhamia kwa Msajili wa NGO, cheti kikawa cha miaka kumi na kuhuishwa, na kabla ya hapo kanuni za 2018 zilishaweka sharti la kutangaza hadharani mapato na matumizi ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa 2013 ilikaa zaidi ya miaka kumi ndo ikaanza kutumika Mei 14, 2024, ikaiondoa ile ya 1990. Mkurugenzi asiyejua haya yuko hatarini.

Lakini kujua tarehe ya kupeleka taarifa na nani ofisini anaipeleka siyo uongozi, ni kalenda na mwanasheria wa nusu siku. Naitoa kwenye bajeti ya mafunzo ya uongozi bila huruma. Ninayoibakiza ni moja, taarifa binafsi. Tanzania sheria yake ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kwa shirika linalohudumia watoto au watu wanaoishi na VVU inagusa maamuzi ya kila wiki: picha ya binti kwenye ripoti, majina ya wagonjwa kwenye lile jedwali linalotumwa kwa barua pepe, grupu la WhatsApp la watoa huduma wa jamii ambamo kila kitu kinapita. Hapo mkurugenzi hawezi kumwachia mwanasheria, maana mfadhili anataka picha na yeye ndo wa kumkatalia.

Mada ambazo hakuna anayeziomba

Zilizo ngumu kuliko zote hazitokei kwenye fomu yoyote, na kwa maoni yangu ndo zinazoua mashirika.

London kulikuwa na shirika la Kids Company, lilianzishwa 1996 na mama mmoja aliyekuwa anajulikana nchi nzima, Camila Batmanghelidjh, likihudumia watoto na vijana wenye maisha magumu. Mawaziri wakuu walipiga naye picha. Agosti 2015 likafungwa, siku chache tu baada ya serikali kuwapa ruzuku ya pauni milioni 3. Kuhusu nani alaumiwe bado hawajaafikiana: kamati ya Bunge mwaka 2016 iliwashukia wadhamini, yaani bodi ya shirika, Mahakama Kuu mwaka 2021 ikakataa kuwafungia wasiwe wakurugenzi wa makampuni, msimamizi wa mashirika ya hisani mwaka uliofuata akasema kulikuwa na usimamizi mbovu. Wabishane tu. Sisi tunaotafuta mada tuangalie picha yenyewe: mwanzilishi mwenye mvuto ambaye hakutaka mtoto arudishwe mlangoni, mahitaji yanapanda kila mwaka, akiba ni ndogo mno kwa ukubwa wa shirika, na mwenyekiti wa bodi ni huyohuyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ungempeleka yule mama kozi ya fedha, hata iwe nzuri kiasi gani, angerudi kwenye bodi ileile.

Na bodi zetu tunazijua, bwana. Rafiki wa chuo, mchungaji, mjomba mstaafu aliyewahi kuwa afisa elimu, wanaitwa mkaguzi akikaribia kuja, wanapewa posho ya kikao, muhtasari unaandikwa na ofisi. Kumfundisha mkurugenzi peke yake "mahusiano mazuri na bodi" ni kazi bure. Mwite na mwenyekiti wake, wakae meza moja wajibu kwenye karatasi mbili tofauti: uamuzi gani ni wa bodi, upi ni wa menejimenti, nani anaruhusiwa kuajiri, nani anaongea na mfadhili kukiwa na tatizo. Halafu wabadilishane karatasi. Mwenyekiti asipopata nafasi, ahirisha mafunzo, usimruhusu mkurugenzi aje na afisa utawala badala yake.

Kurithishana uongozi ni vilevile. Ukimwambia mwanzilishi tuje na mada ya nani atakufuata atasikia kama unamfukuza, na wengine watakwambia kabisa hili shirika nimelitoa mfukoni mwangu. Usiiingie kwa jina hilo. Uliza swali dogo: ukilazwa miezi mitatu, nani anasaini hundi, nani ana nywila ya mfumo wa Msajili, nani ana namba ya simu ya afisa wa mfadhili na akipiga atajulikana ni nani? Wengi hapo wanakaa kimya kidogo halafu wanaanza kuandika wenyewe.

Ya mwisho kwenye kundi hili ni kuwalinda walengwa dhidi ya watumishi wetu wenyewe. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010 baadhi ya watumishi wa Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, wakubwa wakiwemo, walihusika na ngono ya kulipia pale kwenye misaada, uchunguzi wa ndani ulifanyika 2011, watu wakaondoka, wengine kwa kuruhusiwa kujiuzulu. Februari 2018 gazeti la The Times likayaandika, naibu mtendaji mkuu akaachia ngazi, na Juni 2019 msimamizi wa mashirika ya hisani wa Uingereza akatoa ripoti na onyo rasmi. Lile lilikuwa shirika kubwa, lenye wanasheria, kwa hiyo ukija kuwafundisha wakurugenzi wetu "kuandaa sera ya ulinzi wa walengwa" ujue umewapa karatasi ya kuweka kwenye faili. Fundisha siku tatu za kwanza baada ya tuhuma. Ijumaa jioni umepigiwa simu na mwalimu mkuu, anamtuhumu afisa wako bora kuliko wote, yule anayependwa na mfadhili, kuna mtoto anahusika. Unampigia nani kwanza? Afisa anaendelea kwenda fildi Jumatatu? Mfadhili anaambiwa lini? Mtoto yuko wapi usiku huu? Wakurugenzi wanabishana mpaka wanasimama, na hapo ndo unajua nani yuko tayari.

Zingatia umbo, siyo jina tu

Kosa lingine ni kuchagua mada vizuri halafu kuitia kwenye umbo lisiloiweza. Sheria unaweza kuifundisha kwa Zoom. Mizania inataka vitabu mezani. Kukasimu madaraka kunataka miezi na mtu wa kukufuatilia, na bodi inataka watu wawili wawili. Ukizikusanya zote kwenye siku tano za hoteli umezifundisha kwa majina tu.

Donald Kirkpatrick alishaeleza mwaka 1959 kwamba mafunzo yanapimwa kwa ngazi nne, watu wameyapenda kiasi gani, wamejifunza nini, wamebadilisha nini kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Sisi mpaka leo tunaishia ya kwanza, ile fomu ya saa kumi jioni watu washabeba mabegi, chakula kilikuwaje, ukumbi ulikuwaje, mkufunzi umpe alama ngapi. Ukichagua mada kwa kuanzia kwenye maamuzi yaliyokwama, ngazi ya tatu inakuwa rahisi kwa sababu una cha kurudi kukiangalia: miezi sita baadaye ile ripoti ya fedha inatoka tarehe ngapi, bodi imekaa bila kuitwa na mkaguzi, mstari wa gharama za uendeshaji kwenye mkataba mpya umeandikwa ngapi.

Mada ngapi kwa mwaka? Mimi nasema mbili, tatu zikizidi sana. Mkurugenzi wa shirika la watu kumi na wawili ana nafasi ya kubadilisha vitu viwili kwa mwaka akiwa bado anaendesha ofisi, ukimpa nane atachagua vile vyepesi. Ya kwanza iwe ile inayoweza kulifunga shirika mwaka huu, na kwa wengi kwa hali ilivyo sasa ni hesabu ya miezi. Ya pili iwe ile inayomla mkurugenzi muda wake mwingi.

Na kwa wasio na bajeti kabisa, ambao baada ya 2025 wameongezeka, njia ipo. Wakurugenzi wanne au watano wanakutana kila mwezi kwenye ofisi ya mmoja wao, kila kikao mmoja tu analeta uamuzi mmoja uliomshinda, wenzake wanauliza maswali nusu saa nzima bila kutoa ushauri, halafu ndo wanashauri, na kikao kinachofuata anaanza kwa kusema alifanya nini. Hakuna mkufunzi, hakuna posho, chai kila mtu anajilipia. Inavunjika kwa sababu mbili: mtu akitoa siri nje, na mkiwa mnaomba ruzuku ileile kwa mfadhili mmoja. Ya kwanza mnakubaliana mapema kwamba anayetoa anatoka kwenye kundi. Ya pili kwenye wilaya yenye mfadhili mmoja haikwepeki, kwa hiyo kundi msilijaze watu wa wilaya yenu, tafuteni wa wilaya jirani, na ikiwezekana awepo mmoja anayefanya kazi tofauti kabisa na zenu, kama nyie ni wa elimu basi yeye awe wa maji au wa mifugo.